Ukuta wa Kioo na Kaunta ya Nondo

Kaa kwenye grosari yoyote ya Lemara jioni ya Jumamosi, jua likishaegemea upande wa Monduli na Mlima Meru ukivuliwa mawingu yake, usikilize watu wanavyoagiza. "Dada, niletee rosti nusu kilo, ndizi mbili za kuchoma na bia moja." Mhudumu anakwenda kwenye kaunta iliyozungushiwa nondo, anapitisha mkono kwenye upenyo, anarudi na chupa. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu hakuna jambo la ajabu. Hata hivyo, agizo hilo fupi limetoka mbali.

Rosti ni neno la jikoni mwa Mwingereza. Kwake ni paja la ng'ombe lililookwa tanurini siku ya Jumapili, likaletwa mezani kavu, mchuzi pembeni. Kwetu imekuwa nyama iliyozama katika mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Grosari, huko ilikotoka, ni duka la sukari na majani ya chai. Huku ni baa ndogo ya mtaani yenye viti vya plastiki na jiko la mkaa nje. Na pale wazee wanapokunywa mbege panaitwa kilabu, neno ambalo katika pwani hii lilianza na mlango ambao Mwafrika aliupita akiwa amebeba sinia. Maneno haya yaliruka ukuta mapema sana. Watu walichelewa, na sababu ya kuchelewa kwao ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Nianze Unguja, mwaka 1888. Mwaka huo, mtaa wa Shangani, Waingereza wa Zanzibar walianzisha klabu yao. Malkia Victoria alikuwa bado yu hai. Alitawala tangu 1837 mpaka 1901, na enzi yake imeacha jina kwenye majengo ya dunia nzima, toka London mpaka Bombay. Klabu hiyo ya Waingereza ilikuwa ya wanachama, na wanachama walikuwa watu wa taifa moja. Ilikuwa na ukumbi wa kulia, vitabu, vinywaji, na baraza inayotazama bahari machweo. Mpishi alikuwa mtu wa hapa. Aliyeosha glasi alikuwa mtu wa hapa. Leo nyumba ile inaitwa Africa House, imekarabatiwa ikawa hoteli, na mtu yeyote mwenye pesa ya soda anaweza kupanda ngazi akaketi pale pale kutazama jua likizama. Katika nchi yetu sijui mfano ulio wazi zaidi wa nyumba ya kulia na kunywa ya zama za Victoria iliyopata uhai wa pili.

Lakini huko kwao Waingereza wa kawaida hawakuwa na klabu za namna hiyo. Walikuwa na pabu ya mtaani. Sheria ya mwaka 1830 ilirahisisha leseni, nyumba za bia zikachipuka kila kona, na ilipofika miaka ya 1890 matajiri wa pombe walikuwa wanashindana kuzipamba: mbao za mkangazi, vigae vya rangi, dari za nakshi, vioo vilivyochorwa maua. Mtu aliyelala chumba kimoja na watoto sita aliingia pale jioni akakaa kama yuko kwenye jumba la kifalme.

Ukitazama vizuri nyumba zile, utaona zilivyokatwakatwa. Kaunta ilikuwa moja katikati, na viambaza vya mbao na kioo viliigawa kama chungwa. Kibarua alikuwa na mlango wake na bei yake. Karani alikuwa na chumba kingine, chenye viti vya mto na bia ile ile kwa bei ya juu kidogo. Wanawake mara nyingi walijibanza kwenye kijichumba chao. Na wenye heshima zao waliwekewa vidirisha vidogo vya kioo usawa wa uso, vinavyozungushwa kwa egemeo, ili waagize kinywaji bila mtu wa upande wa pili kuwatambua. Baadhi ya vidirisha hivyo vipo mpaka leo. Pabu ya Princess Louise, mtaa wa Holborn jijini London, ambayo ina jina la binti mmojawapo wa Victoria, ilipambwa 1891. Viambaza vyake vilikuja kuondolewa baadaye, na ilipokarabatiwa 2008 vilirudishwa. Mafundi walirudisha hata utengano. Siwalaumu, kwani wamefanya kazi ya uaminifu. Anayekula pale leo anapita kutoka chumba hadi chumba na kuona kwa macho yake jinsi watu wa mtaa mmoja walivyokunywa pipa moja bila kutazamana.

Wakati pabu ile inapambwa, huku kwetu palikuwa panajengwa jambo jingine. Wajerumani, waliokuwa chini ya Kaisari Wilhelm wa Pili, mjukuu wa Victoria, walikuwa wameshafika Moshi na walitaka Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Kurt Johannes akashuka na askari, na miaka iliyofuata Waarusha na Wameru walichomewa migomba na kunyang'anywa ng'ombe. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, viongozi 19 walinyongwa: Mangi Meli wa Wachaga, Lobulu wa Meru, na wenzao wa Waarusha wakiwemo. Mwaka huo huo wa 1900 Boma la Arusha lilikamilika. Lilijengwa kwa mikono ya watu walioshindwa vita, kwa kazi ya kulazimishwa, na kuta zake nyeupe zilionekana tangu mbali na yeyote aliyeteremka kutoka mashambani. Victoria alikufa Januari 1901. Kwa hesabu ya miaka, basi, Boma letu ni jengo la zama zake, ingawa lilijengwa kwa amri ya mjukuu wake.

Mji wa Arusha ulianza kama vibanda mbele ya lango hilo. Maduka ya Wahindi yalikuja, Wagiriki wakaja, Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaingia pande za Meru mnamo 1904 na 1905. Palipo na askari na wafanyabiashara hapakosi chungu cha kupikia wapita njia.

Nasimama kidogo hapa, kwa sababu nisingependa msomaji adhani meza zetu hazikuwa na ukuta kabla ya mgeni. Zilikuwa nao. Morani wa Kimaa, na Waarusha ni Wamaa waliogeuka wakulima wa mlimani, hali nyama mbele ya wanawake. Huenda porini na wenzake wa rika, wakachinja, wakachoma, wakanywa supu ya magome mpaka nguvu ziwarudi. Nyama choma ya mjini, ambayo leo tunaigawana mume, mke na watoto, ina babu yake pale porini, na babu huyo alikuwa mkali juu ya nani aketi wapi. Pombe nayo ilikuwa ya wazee. Mbege ya Wachaga, ambayo imehamia Arusha pamoja nao, ni kazi ya siku kadhaa: ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zigeuke nyekundu, zinaachwa, zinachujwa, kisha zinachanganywa na kimea cha ulezi na kutiwa uchungu wa gome la msesewe. Aliyeipika, mara nyingi mwanamke, huionja mwanzo mbele ya watu ili wajue ni salama, na kata inazunguka kwa mpangilio wa umri. Huo nao ni mpangilio wa kuketi. Tofauti yake na ule uliofuata ni kwamba kijana alijua atazeeka, na zamu yake ya kata itafika.

Ukuta wa kikoloni haukuwa na zamu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza masharti hayo. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda Mwafrika na ulevi. Matokeo yake yalikuwa sheria iliyotazama ngozi ya mnywaji: chini ya Waingereza, waliouteka mji wa Arusha 1916, chupa ya wiski ilikuwa halali mkononi mwa mlowezi na kosa mkononi mwa mpishi wake, na hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1950.

Mji wenyewe ukapangwa kama ile kaunta ya London. Wazungu walijitengea upande wa Mto Themi, ambao mpaka leo tunauita Uzunguni. Wahindi walikaa kwenye barabara za maduka katikati. Waafrika walipewa Kaloleni na Ngarenaro. Mito iliyoteremka kutoka Meru ikafanya kazi ya viambaza.

Reli ilipofika kutoka Moshi mwaka 1929, Arusha ikapata wageni wa kutosha kuendesha hoteli kubwa. Ray Ulyate aliiendesha New Arusha Hotel kando ya Themi, na kutoka pale alipeleka watalii kwa magari mpaka Serengeti kuwaona simba. Baadaye ikaja Safari Hotel, ambayo baa yake ilikuwa makao ya wawindaji wa kulipwa. Dunia iliuona mji huu kwa jicho hilo: filamu ya Hatari! ya John Wayne, iliyopigwa Tanganyika kabla kidogo ya uhuru na kutolewa 1962, inaishia kwa ndama wa tembo wanaokimbia katikati ya mitaa ya Arusha. Wengi waliofika baada ya hapo walikuja kutafuta mji wa kwenye filamu.

Mimi nikiwaza juu ya hoteli zile nawaza juu ya majiko yake. Mpishi wa hoteli alijifunza kupika kwa macho na kwa ulimi. Alijua nyama ya paja inataka saa ngapi, sosi nyeupe inavyokatika ukiiharakisha, keki inavyoanguka mlango wa oveni ukifunguliwa mapema. Aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Jioni alivua kanzu nyeupe, akavuka mto kwa miguu kurudi Ngarenaro, na yale aliyoyajua akaenda nayo nyumbani. Naamini rosti ilizaliwa kwa njia hiyo. Mke hakuwa na tanuri. Alikuwa na sufuria na mafiga. Nyama iliyopaswa kuokwa ikakaangwa kwanza kwa vitunguu, ikatiwa nyanya na maji, ikafunikwa. Jina likabaki la kule, chakula kikawa cha huku, na nadiriki kusema kikawa kitamu zaidi.

Hata nyama ile ilikuwa na historia ya ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate eneo la kufugia ng'ombe wa nyama na maziwa. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwaeleza Umoja wa Mataifa, kwa Kiswahili, kilichotokea kwao. Hakurudi na ardhi, lakini kesi ile ilifundisha Tanganyika nzima kwamba mkulima wa ndizi anaweza kusimama mbele ya ulimwengu na kulalamika. Kila ninapoona picha za meza za mapochopocho za miaka hiyo, sahani za nyama na jagi za maziwa, namkumbuka mtu huyo na safari yake.

Na upande wa pili wa mto watu walikunywa wapi? Katika miji ya Tanganyika, pombe ya kienyeji iliruhusiwa kuuzwa mahali palipopangwa na mamlaka ya mji, kwa leseni na kwa ushuru. Hapo ndipo kilabu cha pombe kilipopata jina na sura yake: banda la bati, mabenchi marefu, mapipa, na wanawake waliopika. Sina budi kuwataja wanawake hao kwa heshima. Wengi walisomesha watoto kwa mbege na dengelua, huku wakikimbizana na askari siku leseni zilipokwisha muda. Ushuru wao uliingia kwenye mfuko wa mji, mfuko ule ule uliofagia barabara za Uzunguni. Ndiyo maana nasema neno kilabu lina maana mbili zinazotazamana: lile baraza la Shangani la 1888, na lile banda la bati. Moja lilikuwa na ulinzi ili wengine wasiingie. La pili lilikuwa na ulinzi ili walio ndani wasitoke nje ya mstari.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, ukuta wa sheria ulikuwa umeshaanza kubomoka, lakini ukuta wa bei na wa macho ulisimama. Macho ya mhudumu yanaweza kumrudisha mtu mlangoni bila neno kutamkwa.

Kisha mwaka 1967 jambo likatokea upande wa Kaloleni, mtaa uliokuwa wa watu wa nyuma ya mto. Kuanzia Januari 26 mpaka 29, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha, na katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni likazaliwa Azimio la Arusha. Katika siku chache serikali ilitangaza kuchukua hisa za kutawala katika viwanda kadhaa, kampuni za bia zikiwemo. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Ukumbi ule leo ni Makumbusho ya Azimio, na ni mdogo kuliko mtu anavyoutarajia.

Bia sasa ilikuwa ya umma, ila miaka kumi na kitu baadaye haikuwepo. Baada ya vita vya Kagera na kuanguka kwa uchumi, bia iliadimika pamoja na sabuni na sukari. Iligawiwa kwa vibali, ikauzwa nyuma ya milango, na aliyekuwa na kreti tupu alihesabiwa kuwa na mali. Hoteli kubwa za mji zilichakaa taratibu, vitasa vikianguka kimoja kimoja. Katika miaka hiyo kilabu cha mbege kilikuwa ndiyo nyumba ya mtaa iliyosimama, kwa sababu migomba haikuhitaji kibali. Nayapenda maelezo ya wazee juu ya kipindi hicho: daktari na mkokota mkokoteni walijikuta benchi moja, si kwa itikadi, bali kwa kukosa pengine.

Mwaka 1993 kiwanda cha bia kilibinafsishwa, Waafrika Kusini wakaingia ubia, na ghafla bia ikarudi kwa wingi. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Rwanda, ambayo makao yake yakawa Arusha mpaka 2015. Wakaja mawakili, wakalimani, madereva, watu wenye mishahara ya dola. Nyumba zikapanda kusini ya mji, Njiro na pembezoni mwake, na Lemara, iliyokuwa mashamba ya mahindi na maharage ya Waarusha, ikajikuta njiani. Mwenye shamba aliuza kipande, akajenga vyumba vya kupangisha, na mbele ya vyumba akaweka fremu. Fremu ya kwanza ilikuwa duka. Ya pili ilikuwa grosari.

Wakati huo huo, huko London, mwaka 1991 watu wawili, Michael Belben na David Eyre, walichukua pabu kuukuu iitwayo The Eagle, mtaa wa Clerkenwell, wakaweka jiko palipoonekana na kila mtu na kuanza kupika chakula kizuri kwa bei isiyotisha. Watu walikula kwenye meza zisizolingana, kwa sahani zisizolingana. Mtindo huo ukaenea Uingereza nzima, ukaitwa jina jipya na kuandikwa magazetini kama uvumbuzi. Nawaheshimu kwa walichofanya. Lakini jiko lililo wazi, mpishi unayemwona, nyama unayoichagua mwenyewe kabla haijapanda motoni, meza unayoichangia na usiyemjua: mtu wa Lemara hahitaji kuelezwa hayo.

Majengo ya kale ya Arusha nayo yalifunguliwa, kila moja kwa njia yake. Boma limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe tangu 1987, na kwa miaka mingi uwani mwake palikuwa na mkahawa wenye muziki. Vijana walicheza dansi hatua chache kutoka kwenye kuta zilizobebewa mawe na babu zao. New Arusha Hotel imekarabatiwa, bustani yake ikabaki. Safari Hotel, iliyokuwa na ile baa ya wawindaji, ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Nimeingia katika yote matatu. Nilichotamani kukiona kila mahali, na sikukiona, ni kibao kimoja kidogo jikoni kinachosema nani alipika hapa.

Kwa hiyo narudi Lemara. Mchoma nyama ameshageuza mguu wa mbuzi mara tatu; mafuta yanadondokea mkaani, moshi unakwenda kwa majirani bila kualikwa. Mhudumu anapita na jagi la maji ya moto na beseni, tunanawa mmoja baada ya mwingine, akianza na mzee. Ubao unaletwa, kisu kinalia, chumvi inamwagwa kwenye kona, kachumbari na pilipili pembeni. Mezani kwetu yupo mama aliyestaafu ualimu, dereva wa watalii, chalii wa bodaboda aliyeweka helmeti chini ya kiti, na fundi mmoja kutoka Singida. Mama amekaa mwenyewe, ana bia yake, na hakuna anayemtazama mara mbili, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lisingewezekana hapa bila maneno ya chini chini. Kaunta ina nondo, kweli, kwa sababu ya wezi. Nondo hizo zinatenganisha pesa na mikono, na sote tuko upande mmoja wake.

Dereva anasimama, anahesabu chupa, anamwita mhudumu alete raundi nyingine. Dada anageuka, ameshika ufunguo wa chupa mkononi, anatuuliza kila mmoja kwa zamu, akianza tena na mzee: "Ya moto au ya baridi?"